Kupima usemi wa mtu mzima mwenye kipandikizi cha koklea

Kabla ya kurekodi, muulize mtu huyo kama betri ya kipandikizi chake, kifaa kinachomsaidia kusikia kwa kupeleka ishara za umeme kwenye sikio la ndani, ina chaji. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikipima "s" iliyofifia, kumbe betri ilikuwa imekwisha.

Weka maikrofoni sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Rekodi faili la WAV, hezi 44,100. MP3 hupunguza sauti za masafa ya juu, nazo ndizo tunazozitafuta.

Mimi hupenda jozi ya "saba" na "shaba". Asome kila neno mara tano kifaa kikiwa kimewashwa, kisha kikiwa kimezimwa. Maelekezo ya awamu ya pili, kifaa kikiwa kimezimwa, yaandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa; si haki kumwacha abahatishe midomo yako.

Fungua Praat, programu ya bure ya kuchanganua sauti. Chagua katikati ya msuguano (mvumo wa "s" au "sh"), ziache kingo, kisha soma kitovu cha spektra, yaani wastani wa masafa ya mvumo huo. Kwa kawaida "s" hukaa juu kuliko "sh". Zikikaribiana, hapo pana kazi. Kwa irabu, anza na fomanti (masafa yanayokuzwa na koo na mdomo) tano, kikomo hezi 5,000 kwa mwanamume, 5,500 kwa mwanamke, na ukague kila mstari wa fomanti kwa macho.