Kufunga Breki za Gari Kwenye Magurudumu ya Nyuma ya Pikipiki ya Magurudumu Matatu

Pikipiki inapogeuzwa kuwa ya magurudumu matatu huongezeka uzito, na sehemu kubwa ya uzito huo hukaa juu ya ekseli ya nyuma. Pikipiki ya kawaida husimamishwa zaidi na breki ya mbele, ndiyo maana breki yake ya nyuma hubuniwa ikiwa ndogo. Inapopewa kazi ya kuzuia ekseli nzima yenye matairi mawili mapana, udogo huo unakuwa hatari. Kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) na diski za gari dogo ni tiba nzuri, kwa sababu zimebuniwa kwa ajili ya chombo kizito zaidi, pedi na sili zake hupatikana bila shida, na kalipa nyingi za nyuma huja na hendibreki ndani yake. Tatizo ni kwamba wengi huanza kwa kutafuta kalipa, tena kubwa kuliko zote, kisha huiunganisha na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki pedeli inapokanyagwa) ileile ya pikipiki na kushangaa pedeli inapozama hadi mwisho. Kazi hii inapaswa kuanza na hesabu, na spana zifuate baadaye.

Kwanza pima uzito wa chombo kikiwa na dereva, magurudumu ya mbele na ya nyuma kila upande wake, kwa kutumia mizani ya magari. Pima pia urefu kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi ekseli ya nyuma, na nusu kipenyo cha tairi la nyuma. Halafu tafuta uwiano wa pedeli: gawanya umbali kati ya mahali mguu unapokanyaga na egemeo la pedeli kwa umbali kati ya egemeo hilo na fimbo inayosukuma masta silinda. Uwiano wa 4 kwa 1 ni wa kawaida, na ndio nitakaoutumia hapa.

Tuchukue mfano wa chombo chenye kilo 500 pamoja na dereva, ambacho asilimia 65 ya uzito wake, yaani kilo 325, iko nyuma. Kinapopunguza mwendo kwa kiasi cha 0.6 ya nguvu ya mvutano wa dunia, uzito huhamia mbele. Ikiwa kitovu cha uzito kiko mita 0.55 juu ya ardhi na urefu kati ya ekseli ni mita 1.65, kilo zinazohama ni 500 mara 0.6 mara 0.55, gawanya kwa 1.65, yaani 100. Nyuma hubaki kilo 225. Kwa msuguano wa 0.8 kati ya tairi na lami kavu, magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja hayawezi kutoa zaidi ya nyutoni 1,770 hivi kabla ya kujifunga na kuburuzika. Hicho ndicho kikomo. Breki yenye uwezo wa kuzidi hapo kwa mbali haikifanyi chombo kisimame haraka zaidi. Inachofanya ni kurahisisha nyuma kuteleza na kwenda upande.

Sasa weka kalipa mbili za nyuma za gari dogo, kila moja ikiwa na pistoni moja ya milimita 34, zinazobana diski za milimita 260. Eneo la pistoni moja ni milimita za mraba 908, na pedi hukamata diski kwa wastani wa milimita 110 kutoka katikati. Kwa pedi zenye msuguano wa 0.38 na tairi lenye nusu kipenyo cha milimita 290, masta silinda ya pikipiki ya milimita 12.7 itayafikisha magurudumu kwenye kikomo kile kwa mkanyago wa nyutoni 107 tu, sawa na kilo 11 hivi. Masta silinda ya milimita 15.87 itahitaji nyutoni 167, ya milimita 17.46 itahitaji 202, na ya milimita 19.05 itahitaji 240. Mguu unaokanyaga kwa dharura hupita nyutoni 300 bila taabu, kwa hiyo zote nne zina nguvu ya kutosha, na ile ndogo kabisa ina nguvu kupita kiasi. Hapa ndipo hofu ya wengi kwamba breki za gari hazitafanya kazi bila buusta (kifaa kinachoongezea nguvu mkanyago wa mguu) inapokosa msingi: gari linahitaji buusta kwa sababu ni zito na masta silinda yake ni pana.

Nguvu, hata hivyo, ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kiasi cha mafuta kinachosukumwa, nayo ndiyo inayowaangusha watu. Kabla pedi hazijabana sawasawa, kila pistoni husogea labda nusu milimita. Kwa pistoni mbili za milimita 34, hiyo ni takriban sentimita moja ya ujazo. Masta silinda ya milimita 12.7 italazimika kusafiri milimita 7 ili kutoa kiasi hicho, na kwa uwiano wa 4 kwa 1 pedeli itashuka karibu milimita 29 kabla ya breki kushika; ile ya milimita 15.87 itasafiri milimita 4.6, na pedeli itashuka 18. Ukichukua kalipa za mbele za gari zenye pistoni za milimita 54, masta silinda ndogo ingehitaji kusafiri milimita 18, safari ambayo masta silinda nyingi za breki ya nyuma ya pikipiki hazina kabisa. Hapo hakuna kutoa hewa kwenye mafuta kutakakosaidia. Kwa mfano wetu ningechagua masta silinda ya milimita 15.87 au 17.46 na kuachana kabisa na kalipa za mbele. Rudia hesabu hii kwa vipimo vya chombo chako, kwa sababu eneo hukua kwa mraba wa kipenyo, na tofauti ya milimita mbili ambayo jicho haliioni hubadilisha tabia yote ya pedeli.

Ikiwa pikipiki ya asili ina ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga), au mfumo unaounganisha breki ya mbele na ya nyuma kama ule wa Honda Gold Wing, ambao pedeli hufanyisha kazi kalipa ya nyuma pamoja na ya mbele, usikate paipu yoyote kabla ya kuelewa mchoro wa mfumo mzima. Kubadilisha kalipa za nyuma kunabadilisha pia kinachotokea mbele. Vilevile fahamu mapema masharti ya ukaguzi na ya bima yanayohusu mabadiliko ya breki mahali unapoendeshea, kwa kuwa mkaguzi anaweza kutaka kuona kazi kabla haijafunikwa.

Unapochagua vipuri, chukua kalipa mbili za mtindo mmoja, ya kushoto na ya kulia, pamoja na diski zake. Tundu za bolti na tundu la katikati la diski lazima vilingane na habu (kitovu cha gurudumu); kutanua tundu za diski kwa mkono ili zikubali habu nyingine ni kazi ya kukataliwa, maana diski isiyokaa katikati itatetemesha pedeli na kulegeza bolti. Iwapo hazilingani, mpe fundi wa mashine ya kukereza atengeneze habu au ringi ya kuweka diski katikati. Kalipa iliyotumika ifunguliwe, isafishwe, iwekwe sili mpya, na pini zake za kutelezea zipakwe grisi ya breki. Kalipa yenye hendibreki ya ndani kwa kawaida pistoni yake hurudishwa kwa kuizungusha huku ikisukumwa. Ukiilazimisha kwa jiliwa utavunja utaratibu wa ndani. Hendibreki hiyo si pambo, kwa sababu chombo cha magurudumu matatu hakina stendi ya kukizuia kwenye mteremko.

Kuna wanaofunga kalipa moja tu katikati, karibu na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) au sproketi, ili kurahisisha kazi. Njia hiyo hupunguza uzito kwenye magurudumu, lakini kwenye ekseli yenye difu, shafti moja ikikatika nje ya diski, breki yote ya nyuma imekwenda. Diski moja kwa kila gurudumu ndiyo njia ninayoipendekeza.

Breketi inayoshikilia kalipa hubeba mzigo wote wa kusimamisha chombo, na haistahili kubahatishwa. Ikate kutoka bamba la chuma lenye unene wa milimita 10 au zaidi, na uifunge kwa bolti za daraja la 8.8 au 10.9 kwenye flanji ya ekseli, si kwenye bomba jembamba. Kama ni lazima kuchomelea, kazi hiyo ifanywe na mchomeleaji mwenye ujuzi, na kalipa yenyewe isichomelewe wala kukatwa kamwe. Tengeneza kwanza kielelezo cha kadibodi ngumu au mbao nyembamba, ufunge diski na kalipa, urudishe rimu, na uzungushe gurudumu: kati ya kalipa na rimu ibaki nafasi isiyopungua milimita 3. Diski ikae katikati ya kalipa, sambamba na pedi, na nipeli ya kutolea hewa iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa. Sharti hili la mwisho husahaulika mara nyingi kwa sababu kalipa za pande mbili zinapobadilishana huingia vizuri tu, isipokuwa nipeli zake hutazama chini na hewa haitoki. Baada ya kukaza, pima kwa geji ya saa kama diski inayumba; ikizidi milimita 0.1, tafuta kutu au uchafu kwenye habu kabla ya kuilaumu diski. Beringi zilizolegea nazo huisukuma diski dhidi ya pedi na kurudisha pistoni nyuma, na dereva hukuta pedeli imeshuka bila sababu.

Masta silinda mpya ifungwe mahali ambapo fimbo yake itasukuma kwa mstari ulionyooka. Acha uchezaji wa takriban milimita 1 kati ya fimbo na pistoni wakati pedeli imeachiliwa. Bila nafasi hiyo, tundu dogo linalorudisha mafuta kwenye kopo hubaki limezibwa, mafuta yanayopata joto hukosa pa kutanukia, na breki hujibana zenyewe barabarani kadiri safari inavyoendelea. Kopo la mafuta likae juu kuliko kalipa; ikiwa haiwezekani, weka vali ya kubakiza shinikizo dogo la takriban 0.14 bar, inayofaa breki za diski. Ile ya 0.7 bar ni ya breki za drami, na kwenye diski itaziacha pedi zikisugua.

Paipu moja itoke masta silinda hadi kwenye kiungo cha njia tatu kilichofungwa katikati ya ekseli, kisha paipu mbili ziende kila upande. Tumia paipu ya chuma ya breki yenye kipenyo cha milimita 4.75 mahali pasipochezacheza, na hozi mahali penye mwendo wa springi. Nyuzi za viungo ni mtego: M10 yenye hatua ya milimita 1 hutumika sana kwenye magari, M10 ya 1.25 kwenye pikipiki nyingi za Japani, na za Kimarekani mara nyingi hutumia kipimo cha inchi, nazo zote huonekana kama ndugu. Kiungo kinachoingia mizunguko miwili kisha kikakaza kisilazimishwe. Midomo ya paipu nayo ina mitindo isiyobadilishana, ule uliokunjwa mara mbili na ule wa kibonge, na kuchanganya mitindo hiyo huleta uvujaji. Washa za shaba ziwe mpya kila mara kiungo kinapofunguliwa.

Kwa mafuta ya breki, aina ya DOT 4 inafaa kazi hii. Ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi, na ikishanyonya unyevu kikomo hicho kinashuka hadi 155. DOT 3, 4 na 5.1 zinaweza kuchanganyika, ila DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki nazo. Angalizo hili linawahusu hasa wenye Harley-Davidson za miaka ya nyuma zilizotumia DOT 5: sehemu zozote za mfumo wa zamani zitakazobaki zisafishwe kabisa na sili zibadilishwe.

Toa hewa kwanza kwenye masta silinda yenyewe, kisha kwenye kalipa iliyo mbali zaidi, halafu iliyo karibu. Hewa ikigoma, sukuma mafuta kutoka chini kwa bomba la sindano kupitia nipeli, kwa kuwa mapovu yenyewe hupenda kupanda. Pedeli ikishakuwa ngumu, ikanyage kwa nguvu zote kwa dakika nzima huku mtu mwingine akikagua kila kiungo kwa karatasi kavu. Inua ekseli juu ya stendi imara, kanyaga na kuachia, na uhakikishe magurudumu yote mawili yanashika pamoja na kuachia pamoja. Rekebisha hendibreki baada ya hapo, kamwe si kabla.

Jaribio la kwanza lifanyike mahali pasipo na watu wala magari, kwa mwendo wa kutembea, kisha kilomita 20 kwa saa. Chombo kikivuta upande mmoja, kagua hewa, mafuta kwenye pedi au pini iliyokwama upande wa pili. Nyuma ikijifunga mapema sana, rudi kwenye hesabu na uongeze kipenyo cha masta silinda, au uweke vali ya kurekebisha shinikizo inayozungushwa kwa mkono. Kila kitu kikiwa sawa, zoesha pedi mpya kwa kupunguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi ya kupoa kati ya kila mara. Ukimaliza, subiri diski zipoe, kaza tena bolti za breketi kwa spana ya kupima nguvu, kagua viungo vyote kwa uvujaji, na urudie ukaguzi huo baada ya kilomita 100. Mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.