SOMO: Kuchambua shairi la hisia, muundo na sauti (soma kabla hujaniuliza)

Wadau, mitihani ikikaribia swali ni lilelile, "shairi nalichambuaje?", naandika mara moja basi. Ubeti nimetunga mwenyewe hapa Moshi:

Huzuni imo moyoni, machozi yanadondoka,
Mpenzi yuko mjini, nami ninahangaika,
Usingizi siuoni, jogoo ameshawika,
Rudi mwenzangu nyumbani, roho yangu yakatika.

1. Soma kwa sauti. Sio kwa macho.

2. Mishororo (mistari ya ubeti) minne, hiyo ni tarbia. Koma inagawa kila mshororo vipande viwili.

3. Vina, yaani silabi za mwisho wa kipande zinazofanana: kati "ni", mwisho "ka".

4. Mizani. Hapa ndo vilio. Mizani ni silabi, sio herufi, piga kofi ukitamka. M ya "mpenzi" inasimama peke yake, m-pe-nzi, na m-ji-ni vilevile, ndo kipande kinafika 8. Ukizibana unapata 6 halafu unaandika eti mshairi kavunja mizani, kumbe umevunja wewe. ILA sio kila m, "mwe" ya mwenzangu ni silabi moja, "mba" ya nyumbani pia moja.

5. Sauti na hisia. Usiishie "kuna takriri" (kurudiarudia), maksi haziko hapo. Hiyo "ka" inakata kila mshororo, na ona inabeba nini: dondoka, hangaika, katika, yote yanampata tu msemaji, hajayapanga. Anayefanya kitu kwa hiari yake ni jogoo peke yake, basi upweke umeshaonekana kabla hujataja tamathali (lugha ya picha) yoyote.

MASWALI

– Naomba pdf na majibu
Hamna. Somo liko juu.

– Mstari wa tatu mbona mizani haijatimia?
Imetimia. U-si-ngi-zi si-u-o-ni. Hesabu tena ndo uje.

– Mwalimu, "mbaya" ni silabi ngapi?
Aisee swali zuri. Inategemea. Mtu mbaya ni m-ba-ya, tatu, m hiyo ni ya ngeli ya mtu. Nyumba mbaya ni mba-ya, mbili. Ukikutana nayo angalia inasifu nini kwanza.

– Huku Arusha tumepewa shairi halina vina kabisa, nalichambuaje?
Hilo ni shairi huru. Ruka hatua ya 3 na 4, kaa kwenye neno linalorudiwa na pale mstari unapokatwa ghafla, mara nyingi hisia imebanwa hapohapo.

– Mi huwa najirekodi kwenye simu nikisoma, nikisikiliza nasikia mizani ilipopungua
Hiyo safi sana, wengine igeni. Ila sio ndani ya daladala, utarekodi konda.