Mafua ya baridi, vidonge vya sukari na homa ya Januari: kwa ndugu zetu wa Mtwara na Lindi mlio ughaibuni

Baridi ikishashika huko mliko, sisi wa duka la dawa hapa Mikindani huanza kutumiwa picha za vikasha kwa WhatsApp. "Kaka, nimeambiwa hii inakata mafua, ninywe?" Mara nyingi kikasha kimeandikwa Kilatini: Aconitum, Bryonia, Allium cepa, Sulphur. Hiyo ya mwisho hata mkulima wa Newala anaijua, ni salfa, ileile inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Mtu anashtuka: kwa hiyo nameza salfa?

Humezi. Hizo ni dawa za homeopathi, tiba iliyoasisiwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796. Alishika kwamba kinachomletea mtu asiyeumwa dalili fulani, kikizimuliwa sana, kitamponya mgonjwa mwenye dalili hizohizo. Allium cepa ni kitunguu. Kwa kuwa kitunguu kinatoa machozi na kamasi, basi anapewa mwenye mafua.

Angalia namba iliyo pembeni ya jina. 30C maana yake sehemu moja ya dawa imetiwa kwenye sehemu 99 za maji au pombe, ikatikiswa, kisha zoezi hilo likarudiwa hadi mara 30. Fanya jikoni kwako: kijiko kimoja cha mchuzi wa pweza kwenye vijiko 99 vya maji, koroga, chota kijiko kimoja cha maji hayo utie kwenye vijiko vingine 99. Mara ya tatu hata paka hasogei. Ukishapita mara ya 12, ni bahati sana kubakiwa na molekuli moja ya ulichoanza nacho. Oscillococcinum, inayouzwa sana Ufaransa na Marekani kwa ajili ya homa ya mafua, hutengenezwa kwa ini na moyo wa bata, na kuzimuliwa kwake ni mara 200. Kinachoyeyuka chini ya ulimi ni sukari tu.

Serikali za huko zimeshapima jambo hili. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti nyingi na halikuona ugonjwa hata mmoja ambao homeopathi imethibitika kuutibu. Mwaka 2017 NHS, huduma ya afya ya umma ya England, iliwataka madaktari wake waache kuziandika. Ufaransa, bima ya afya ya taifa iliacha kuzilipia tangu Januari 2021. Bado zinapangwa kwenye rafu za maduka ya dawa, na rafu hiyo ndiyo inayozipa heshima. Na aliyepona je? Mafua ya kawaida huondoka yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, umeze ulichomeza.

Ila usidhani zote ni sukari isiyodhuru. Za matone nyingi zimetengenezwa kwa pombe, kwa hiyo Muislamu na mwenye mtoto wasome kikasha kwanza. Za Ujerumani zenye herufi D na namba ndogo huwa bado zina dawa yenyewe ndani, na Aconitum isiyozimuliwa ni sumu. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu waache dawa fulani za puani zenye zinki, zilizokuwa zikiuzwa kwa jina la homeopathi, baada ya watumiaji wengi kulalamika kwamba hawasikii tena harufu.

Kinachosaidia ni vitu vya kawaida. Pumzika, kunywa maji na supu, tumia parasetamo kwa homa na maumivu. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Hapa ndipo wengi wanapoumia: ile dawa ya unga ya mafua inayokorogwa kwenye maji ya moto nayo mara nyingi ina parasetamo. Ukinywa unga kisha ukaongeza vidonge, umezidisha, na ini ndilo linalolipa. Tangawizi, limau na mchaichai vinaliwaza koo, endelea navyo. Asali inatuliza kikohozi, lakini mtoto asiyetimiza mwaka asilambishwe. Kujifukiza kunazibua pua, ila sufuria la maji ya moto chini ya blanketi limeshaunguza watoto wengi, tena kwenye vyumba vya huko unaweza kuamsha kengele ya moshi ukatoa jengo zima nje na kanga kichwani. Na zile amoksilini ulizonunua kwetu ukazitia kwenye begi, ziache. Mafua ni virusi, hazivigusi.

Kwa homa ya mafua yenyewe, ile inayokulaza ghafla viungo vyote vikiuma, chanjo ichomwe kabla baridi haijakaza, maana kinga huhitaji kama wiki mbili kujijenga. Mjamzito, mzee, mwenye pumu, kisukari au selimundu asisubiri. Hao wakiugua wampigie daktari mapema, kwa sababu dawa za kuzuia virusi hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kupumua kwa shida, maumivu ya kifua au kuchanganyikiwa ni safari ya hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa ninachokiogopa zaidi. Wengi wenu mnakuja Desemba, mvua zikianza, mbu nao wakianza. Mnakaa barazani hadi usiku mnatafuna korosho za moto, mnalala bila chandarua kwa sababu "mimi mzaliwa wa hapa". Januari mnarudi Ulaya kwenye msimu wa mafua. Baada ya siku kumi homa inapanda, kichwa kinagonga, mwili unatetemeka, na kazini kila mtu ana mafua. Unanunua vidonge vya bata unajifunika.

Hiyo inaweza kuwa malaria. Dalili za mwanzo ni zilezile, na mikoa yetu ya kusini malaria bado ni nyingi. Kinga uliyokuwa nayo ukiwa Nachingwea hupungua ukikaa nje, na watoto waliozaliwa huko hawana kabisa. Malaria kali ya huku huanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wengi ndani ya mwezi, wengine baadaye. Daktari wa huko huenda asiiwazie, kwa hiyo sema wewe, tena mlangoni: "Nimetoka kusini mwa Tanzania tarehe fulani, nina homa, naomba nipimwe malaria leo." Kipimo kikirudi safi na homa ikabaki, kirudiwe. Usimeze dawa ya mseto ya kwenye begi bila kupima.

Kabla ya kuja, omba dawa ya kinga kwa daktari na umweleze kama una mimba. Wengi huwagawia ndugu vidonge vilivyobaki siku ya kuondoka, wakidhani safari imeisha. Haijaisha: doksisaiklini inaendelezwa wiki 4 baada ya kutoka huku, kidonge chenye atovakwoni na progwanili siku 7. Viweke kwenye begi la mkononi, na shangazi akiviomba mnunulie chandarua.