Kabla Hujapandisha Kerneli Kwenye Kompyuta Mpakato ya Zamani

Mwenye kompyuta mpakato ya mwaka 2010 au 2011 yenye kadi ya grafiki ya NVIDIA, anayetaka kuhamia toleo jipya la Linux, aanze kwa kuelewa kwa nini skrini huwa nyeusi baada ya kazi hiyo. Draiva ya NVIDIA (programu inayoiendesha kadi) ya kadi hizo ina sehemu mbili: kiini kilichofungwa, ambacho mtu wa nje hawezi kukirekebisha, na tabaka jembamba linalokompailiwa upya (yaani kugeuzwa tena kuwa lugha ya mashine) kila kerneli, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa vya kompyuta, inapobadilika. Watunzaji wa Linux hawajawahi kuahidi kwamba viungo vya ndani vya kerneli, ambavyo tabaka hilo huvitegemea, vitabaki vilivyo, nao huvibadilisha kila inapobidi. Kadi mpya hupata draiva inayokwenda sambamba na mabadiliko hayo, ilhali draiva ya kadi ya zamani imekwisha kuachwa na mtengenezaji wake, ndiyo maana tabaka lake huweza kushindwa kukompailiwa na skrini ikabaki nyeusi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuijua kadi kwa jina lake kamili. Stika iliyobandikwa karibu na kibodi haitoshi. Amri ya lspci -nnk huonyesha chipu yenyewe pamoja na draiva inayoiendesha wakati huo. Familia za GeForce 8, 9 na 200, pamoja na 310M, hutegemea draiva ya mfululizo wa 340, ambayo toleo lake la mwisho, 340.108, lilitoka Desemba 2019. Sehemu kubwa ya familia za 400 na 500, kwa mfano GT 540M, hutegemea mfululizo wa 390, uliokoma kwenye 390.157 mwaka 2022. Nasema sehemu kubwa kwa sababu majina haya hupotosha: GeForce 405 huonekana kuwa ya familia ya 400, lakini ndani yake mna chipu ya kizazi kilichotangulia, nayo huhitaji 340. Amri hiyo ikionyesha kadi mbili, moja ya Intel na nyingine ya NVIDIA, mara nyingi ni ile ya Intel inayoendesha skrini, na draiva yake imo ndani ya kerneli tayari. Mtu asiyehitaji nguvu ya kadi ya pili anaweza kuiacha bila hasara.

Baada ya hapo, linganisha umri wa draiva na umri wa kerneli, ambayo toleo lake huonyeshwa na uname -r. Kerneli 5.4, iliyokuja na Ubuntu 20.04 (mojawapo ya mifumo ya Linux), hupatana na 340.108, lakini kerneli zilizofuata hudai viraka (marekebisho madogo ya msimbo wa draiva) vinavyoandikwa na watu wanaojitolea, na kila kiraka kina kerneli zake. Hata hivyo, kubaki nyuma kuna gharama, kwa kuwa muda wa kawaida wa marekebisho ya usalama wa Ubuntu 20.04 ulikwisha mwaka 2025. Kwa maoni yangu, kompyuta inayoingia intaneti kila siku ni afadhali itumie kerneli mpya na draiva huria ya Nouveau, ingawa itakuwa nzito zaidi kwenye michezo na kazi za 3D, kuliko kung'ang'ania mfumo usiolindwa.

Anayehamia Nouveau ajihadhari na mtego mmoja uliowasumbua wengi. Draiva ya NVIDIA inapowekwa, huacha faili linaloizuia Nouveau kuamka, mara nyingi ndani ya /etc/modprobe.d, na faili hilo linaweza kubaki hata baada ya draiva kuondolewa. Matokeo yake, hakuna draiva inayoishika kadi, na mtu hudhani kadi imekufa. Lichunguze, liondoe, kisha utengeneze upya initramfs (faili ambalo kerneli hulitumia inapoanza kuwaka) kabla ya kuwasha tena. Anayebaki na draiva ya NVIDIA naye ahakikishe kwamba faili za heda za kerneli mpya (maelezo ya msimbo yanayohitajika kuijengea draiva) zimo, maana bila hizo DKMS, programu inayolikompaili tabaka lile kila kerneli inapobadilika, haiwezi kukompaili chochote, na kwamba Secure Boot (ulinzi unaokataa msimbo usio na saini) imezimwa au moduli ya draiva hiyo imetiwa saini.

Usifute kerneli ya zamani inayofanya kazi. Jifunze mapema kuifikia menyu ya Grub (programu inayokuwezesha kuchagua kerneli ya kuwasha), kwa kushikilia Shift kwenye mashine za BIOS, mfumo wa zamani wa kuwashia kompyuta, au kubonyeza Esc kwenye za UEFI, mfumo mpya zaidi, na ujaribu kuichagua kerneli hiyo ukiwa bado na skrini inayofanya kazi. Weka pia openssh-server, ili uweze kuingia kutoka kompyuta nyingine au simu skrini ikigoma, na uandike kwenye karatasi neno nomodeset, ambalo likiongezwa kwenye mstari wa kerneli ndani ya Grub huleta picha ya kiwango cha chini inayotosha kufanyia matengenezo. Nakala za faili zako ziwe nje ya mashine, na chaja iwe imechomekwa, kwa sababu betri ya miaka kumi na zaidi inaweza kuzima katikati ya uandishi wa initramfs.

Kerneli mpya ikiwaka, rudia lspci -nnk uone ni draiva ipi iliyoshika kadi, kisha ilaze kompyuta na kuiamsha mara kadhaa, kwa kuwa hitilafu nyingi za grafiki hujitokeza hapo. Ipe siku chache za kazi ya kawaida ndipo uiondoe kerneli ya awali.