Kufufua tetsubin kuukuu bila kuliharibu

Tetsubin ni birika la chuma cha kusubu ambalo Wajapani hulichemshia maji. Majani ya chai hayatiwi humo. Yanayojulikana zaidi ni ya Nambu, kutoka Morioka na Mizusawa mkoani Iwate, mengi yakiwa na vinundu vidogo vya arare vilivyopangwa safu kwa safu. Ya Kyoto, kama yale ya karakana ya Ryūbundō, mara nyingi yana kifuniko cha bronzi.

Kabla ya yote, chungulia ndani. Ukikuta rangi ya kung'aa kama ya kikombe cha kauri, hilo ni buli la chai na haliwekwi motoni. Ukikuta kiraka cha kijivu, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha, yaelekea liliwahi kuzibwa kwa lehemu yenye risasi: libaki pambo, usinywe maji yake. Kisha lijaze maji baridi, liweke juu ya karatasi kavu usiku kucha uone kama linavuja. Tundu dogo sana huweza kuzibika kwa kuchemshia humo uji mwepesi wa wali. Ufa ni kazi ya fundi.

Wekundu wa ndani usikutishe. Kipimo ni maji: yachemshe, uyamimine kwenye kikombe cheupe. Yakitoka maangavu, bila rangi, birika halina kosa. Utando mweupe ulioganda ndani ni madini ya maji, nao hukinga chuma, kwa hiyo usiukwangue.

Maji yakitoka na rangi ya kahawia, toa magamba yaliyolegea kwa brashi laini. Funga vijiko viwili vya chakula vya chai ya kijani (ya bei rahisi yatosha) katika kitambaa chepesi, jaza maji hadi robo tatu, chemsha kwa moto mdogo dakika 30, uache yapoe humohumo. Maji yatageuka meusi kama wino. Hapo tanini ya chai imeungana na kutu na kufanya utando mweusi usioyeyuka. Mwaga, chemsha maji matupu, mwaga tena. Rudia siku ya pili na ya tatu ikibidi, hadi kikombe kitoke safi.

Stilwaya, msasa, sabuni, siki na ndimu ni marufuku. Birika la Nambu huchomwa kwenye makaa baada ya kusubiwa ili lipate ngozi nyeusi ya kuzuia kutu. Ukiisugua ikatoka, kutu itarudi kwa kasi. Na kifuniko cha bronzi au nakshi za fedha usizing'arishe kama masinia ya shaba ya nyumbani. Rangi ile iliyokolea ni sehemu ya kazi ya fundi, na mnunuzi makini huitazama hiyo kwanza.

Katika matumizi, ndimi za moto zisizidi kitako, la sivyo zitaunguza urushi wa nje, ule utomvu uliopakwa kama vanishi. Usimimine maji baridi kwenye birika la moto, litapasuka. Ukimaliza, mwaga maji yote na uliache wazi. Joto lililobaki hulikausha lenyewe. Lisipokauka, lirudishe kwenye moto mdogo kwa dakika moja tu. Likiwa bado vuguvugu, pangusa nje kwa kitambaa kilicholoweshwa chai na kukamuliwa. Mafuta usipake ndani: yatachacha, na kila maji yatakayochemshwa yatanuka.