Kujiundia gari la Kiingereza la mtindo wa zamani ukiwa ughaibuni

Juu ya kabati langu hapa Coventry kuna boksi la viatu ambalo nalilinda kuliko spana zangu zote. Limejaa risiti: ya chasisi, ya injini, ya gia boksi, hadi ya nati za pauni 3. Gari langu la kwanza la kujiundia halikuwa na boksi la namna hiyo, na ndiyo maana mpaka leo halijavuka bahari.

Tuanze na jina. Waingereza wana neno lao fupi kwa magari haya, kit, lakini ukilitia irabu mwishoni linageuka kiti cha kukalia. Hapa nitasema seti: unaletewa nyumbani chasisi, bodi na maboksi ya vipande, kisha unaunga mwenyewe. Mwaka 1957 Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus, alianza kuuza Lotus Seven, gari dogo la viti viwili lisilo na anasa yoyote. Enzi hizo gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi, na vipande vilivyouzwa kwa mtu wa kujiungia vilikwepa kodi hiyo. Husimuliwa kwamba sheria ilikataza seti kuuzwa na maelekezo ya kuunga, basi Chapman akatoa maelekezo ya kulifungua gari, na mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho. Mwaka 1973 VAT ilipoingia msamaha ule ukafa, na mwaka huohuo Lotus ikaiachia kampuni ya Caterham haki za kuunda Seven. Caterham bado inaliuza, zima au kwa seti.

Siku hizi, basi, hujiundii gari ili kukwepa kodi. Unajiundia kwa sababu unataka kulijua gari lako hadi bolti ya mwisho.

Mwanzoni nakushauri Seven au jamaa zake. Lina uzito wa takriban kilo 500, linaenea kwenye gereji ya gari moja, na hakuna kipande kitakachokushinda ukiwa na rafiki mmoja mwenye mgongo mzima. Seti kamili ya Caterham huja na vitu vipya vitupu. Kwa mtu asiye fundi, hesabu saa 100 hivi. Njia nyingine ni kununua chasisi na bodi, halafu kutafuta gari la kuchinja, yaani gari zee unalonunua ili utoe injini, gia boksi na difu. Zamani lilikuwa Ford Sierra; sasa wengi huchinja Mazda MX-5. Njia hii hupunguza gharama ila inakula wikendi zako zote, maana kila ulichotoa kwenye gari zee kitahitaji kusuguliwa kutu, kupakwa rangi na kubadilishwa raba.

Ziko pia seti kubwa zaidi. Kuna zenye umbo la AC Cobra, za Jaguar SS100 ya miaka ya 1930, na Beauford, lile gari refu jeupe la maharusi ambalo huenda umepiga nalo picha bila kujua kwamba lina miongo michache tu. Ni mazuri sana. Lakini kama hujawahi kufunga breki ukaiamini, usianze na injini ya V8.

Kuhusu mahali, nitasema kwa kifupi. Kama umepanga, muulize mwenye nyumba kwanza, tena kwa maandishi. Gereji za kukodi mitaani mara nyingi hazina umeme. Na kama seti yako inahitaji kazi ya faibaglasi, ifanye kiangazi, kwa kuwa gundi yake haishiki vizuri kwenye baridi. Nunua spana ya toki nzuri, ile inayokaza bolti kwa nguvu iliyopimwa, kabla ya kitu kingine. Kata bima ya gari linaloundwa, maana bima ya nyumba inaweza isiguse injini iliyolala sakafuni. Kwenye bajeti, chukua bei ya katalogi uongeze theluthi: matairi, rangi, usafiri, mafuta ya breki na vitu utakavyovivunja mwenyewe.

Sasa mtihani. Uingereza gari la kujiundia haliingii barabarani mpaka lipite ukaguzi unaoitwa IVA, wa kuidhinisha gari moja moja, unaofanywa na DVSA, wakala wa serikali wa viwango vya madereva na magari. Watu wa kwetu tumezoea ukaguzi wa kutazama taa na kupiga honi. Huu si huo. Mkaguzi anakuja na mpira wa kipimo wenye kipenyo cha milimita 100. Popote mpira huo unapogusa nje ya gari, kona ya hapo sharti iwe imeviringwa kwa nusu kipenyo cha angalau milimita 2.5, ili mtembea kwa miguu akigongwa asichanwe. Kichwa cha bolti kilichojitokeza kinaweza kukufelisha, ndiyo maana utaona magari haya yamevishwa vifuniko vya plastiki kila mahali siku ya mtihani. Nyaya na paipu za breki zinatakiwa zishikizwe kila baada ya milimita 300. Spidomita hairuhusiwi kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi. Ekzosi inapimwa kelele, na kikomo ni desibeli 99. Usukani ukiukata kona na kuuachia, sharti urudi wenyewe kuelekea katikati. Hapo magari mengi mepesi huanguka, na dawa yake ni kupima upya pembe za magurudumu ya mbele kabla ya siku yenyewe.

Mimi nilifeli mara ya kwanza kwa mambo manne, na moja lilikuwa taa ya kuonya kwamba mafuta ya breki yamepungua. Ilikuwapo, ila haikuwa na namna ya kuijaribu. Usione haya kufeli. Unapewa karatasi ya makosa, unarekebisha, unarudi. Sheria inakuruhusu kuliendesha gari lisilosajiliwa hadi kwenye mtihani uliokwisha kupangiwa, mradi lina bima. Na wewe uwe na leseni inayofaa: leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda inakubeba miezi 12 tu tangu uwe mkazi hapa, na haibadilishwi moja kwa moja kuwa ya Uingereza. Inabidi ufanye mitihani yao.

Ukishapita, unapeleka karatasi DVLA, wakala wa kusajili magari, na boksi la viatu linaanza kazi. Gari lililoundwa kwa vitu vipya vitupu, au lenye kimoja tu kilichokarabatiwa kikawa kama kipya, linapewa namba ya usajili ya mwaka wa sasa. Chasisi mpya ya mtengeneza seti ikibeba sehemu kuu mbili zilizotoka kwenye gari moja la kuchinja, unapewa namba inayoendana na umri wa gari hilo lililochinjwa. Huwezi kuthibitisha vitu vilitoka wapi? Namba yako inaanza na herufi Q, maana yake serikali inakiri kwamba haijui gari lako lina umri gani.

Lile langu la kwanza ni Q. Nililinunua likiwa mradi uliokwama, kwa mtu aliyechoka nalo: chasisi imesimama, injini iko kwenye pembe ya gereji, bei ya kutupa. Sikudai risiti ya chasisi wala kadi ya gari lililochinjwa. Niliona nimeokota dodo. Hapa Uingereza Q haininyimi usingizi, ingawa wenye bima huniuliza maswali mengi. Balaa lilikuja nilipotaka kurudi nalo nyumbani.

Maana wengi wetu ndoto inaishia huko: kulishusha bandarini Dar au Mombasa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu anayehamia nyumbani moja kwa moja kuingiza gari moja bila ushuru, kama alilimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje kwa angalau miezi 12, bila kuhesabu siku za melini. Miezi hiyo huhesabiwa kwenye gari lililosajiliwa kwa jina lako; miaka uliyokaa ukiliunga gerejini haikusaidii. Kwa hiyo maliza gari mapema, siyo mwezi wa kufunga mizigo.

Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, wala la usukani wa kushoto. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15. Tanzania inapokea gari kuukuu ila umri unakuongezea ushuru. Rwanda, yenye kuendesha upande wa kulia, kwa kawaida haitaki usukani wa kulia. Sasa afisa akiuliza gari lako ni la mwaka gani, nawe una kadi yenye Q, utamjibu nini? Mimi sikuwa na jibu. Kama una mpango wa kurudi, lipia seti mpya yenye ankara zote, upate namba ya mwaka wa sasa, kisha mwandikie mamlaka ya mapato na shirika la viwango la nchi yako ukieleza hasa unachokuja nacho. Usilipie meli mpaka wajibu kwa maandishi. Neno la wakala kwenye simu halitoshi.

Kwa mlioko kwingine: Mwingereza akikusafirishia seti nje ya nchi, VAT yake ya asilimia 20 haikuhusu, bali utalipa ushuru wa unakoishi. Ghuba agizeni usukani wa kushoto, na ulizeni usajili kabla ya kutoa senti. Marekani seti na injini hununuliwa mbalimbali, na kila jimbo lina utaratibu wake wa kusajili.

Jambo la mwisho ni injini, na hapa fikiria fundi wa nyumbani. Injini ya mashindano itakupa raha huku, halafu ikuzimikie Morogoro usipate hata fundi wa kuifungua. Mwaka 2013 Caterham walitoa Seven 160 lenye injini ya Suzuki ya cc 660, silinda tatu na tabo, na ekseli ya nyuma ya Suzuki pia. Ni ukoo mmoja na Kirikuu, vile vigari vya mizigo vya Suzuki Carry, zinazobeba nyanya kila alfajiri. Halilingani spea kwa spea, lakini fundi wa Gerezani, Dar, akifunua boneti hatashangaa. Kitakachomshangaza ni jinsi sampu, bakuli la oili chini ya injini, ilivyo karibu na ardhi. Chukua fito, upime matuta ya mtaani kwenu.