Kuhamisha umiliki wa pikapu ya dizeli: soma namba ya injini kabla hujatoa hela

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua pikapu ya dizeli iliyokwishatumika hapa Tanzania, iwe Land Cruiser, Hilux, Patrol au Isuzu, na anataka kadi ya usajili wa gari isome jina lake. Kujaza ombi TRA (Mamlaka ya Mapato) ni kazi ndogo. Kinachokwamisha ni kwamba magari haya yanaishi miaka mingi. Pikapu ya mwaka 2000 imeshapita mikono kadhaa, imebadilishwa injini, imepakwa rangi nyingine, pengine hata bodi si ile iliyotoka nayo kiwandani, huku kadi ikiwa ileile ya siku ya usajili. TRA wanahamisha gari lililoandikwa kwenye kadi. Kama lililoegeshwa nje lina namba nyingine, ombi linasimama, na muda huo muuzaji ameshaondoka na hela yake.

Ndicho kilichonikuta kwenye Land Cruiser HZJ79 niliyoinunua kwa kazi ya mbao Mafinga. Kadi ilikuwa halisi, jina ni la muuzaji, chasisi iko sawasawa. Injini alishaibadilisha akiwa na gari, hakutoa taarifa TRA, na alipoulizwa alisema ni ileile ya Mjapani. Alipokwisha kulipwa akaacha kupokea simu. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye injini, na hatua nyingine nitazipitia kwa haraka.

Anza na gari, kadi baadaye

Usianze kwa kuomba picha ya kadi kwa WhatsApp. Nenda gari lilipo, ukiwa na tochi, brashi ya waya, kitambaa na dizeli kidogo ndani ya chupa.

Namba ya chasisi kwenye Land Cruiser pikapu na Hilux imegongwa kwenye fremu upande wa kulia, karibu na tairi la mbele. Geuza usukani tairi likupe nafasi, piga brashi, futa. Usiguse kwa msasa wala grinda, maana namba iliyokwanguliwa itakuletea maswali polisi hata kama umeikwangua kwa nia njema. Herufi zote ziwe na kina kimoja na zikae kwenye mstari mmoja. Ukiona alama ya kuchomelea pembeni yake, au rangi mpya kwenye kipande hicho tu cha fremu nzee, achana na gari hilo. Piga picha mbili: moja ya namba peke yake, nyingine inayoonyesha namba pamoja na tairi, ili ijulikane imetoka kwenye gari gani.

Namba ya injini imegongwa kwenye bloku. Kwenye dizeli ya zamani huwa imefukiwa na oili iliyoshikana na vumbi, na hapo ndipo wengi huchoka wakasema "itakuwa sawa tu". Mwombe fundi aitafute, subiri, na uisome kwa macho yako mwenyewe. Kwa Toyota jina la injini hutangulia namba, kwa hiyo bloku lenyewe linakuambia ni aina gani. Kadi nayo ina ujazo wa injini, na ujazo huo unaweza kuulinganisha papo hapo: injini iitwayo 2L ni sentimita za ujazo 2,446, 3L ni 2,779, 5L ni 2,986, 1KZ ni 2,982, na 1HZ ya Land Cruiser ni 4,164. Kadi ya Hilux ikiandika 2,446 halafu bloku linasoma 3L, huna haja ya kubishana na mtu. Injini imebadilishwa.

Kubadilisha injini si uhalifu, na kwenye magari haya ni jambo la kawaida. Chukua 1HZ. Ni injini ngumu kweli, silinda sita, haina turbo, lakini ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Mwenye gari akipuuza mkanda ukakatika, valvu zinagonga pistoni. Wengine huifunga turbo ili ipande mlima na mzigo, joto linazidi, silinda hedi inapasuka. Mwenye gari anapiga hesabu ya hedi, pistoni, kuchonga krenki, nozeli na pampu, anaona afadhali aende Gerezani au Shaurimoyo, kwenye maduka ya vipuri Dar es Salaam, akachukue injini nzima ya mtumba. Fundi anaifunga, gari linarudi kazini, na hakuna anayekumbuka kadi mpaka siku ya kuuza.

Kwa hiyo muulize muuzaji maswali mawili kwa mpangilio huu: injini hii ilikuja na gari? Kama hapana, risiti yake iko wapi? Swali la pili ndilo lenye uzito.

Kabla hujaondoka hapo, linganisha pia rangi na aina ya bodi. Zipo mkonga (Land Cruiser za aina hii) nyingi zilizozaliwa hadtopu, yaani bodi iliyofunikwa hadi nyuma, zikakatwa nyuma na kuwekewa karia ya mbao au bati. Kadi inaendelea kusema hadtopu. Hilo nalo ni badiliko linalotakiwa kuandikishwa. Tazama vilevile kibao cha namba: cha njano ni cha gari binafsi, cheupe ni cha biashara, na kadi inapaswa kusema hivyohivyo.

Injini ikiwa tofauti

Kuna ombi la kubadili taarifa za chombo cha moto, na lazima litangulie ombi la kuhamisha umiliki. Shika neno moja: aliyeandikwa kwenye kadi ndiye anayeomba, kwa jina lake na kwa TIN (namba ya mlipakodi) yake. Wewe mnunuzi bado si mtu yeyote mbele ya TRA. Ndiyo maana jambo hili limalizwe na muuzaji, kwa gharama yake, kabla hujampa bei kamili.

Nilitakiwa kuwa na vitu hivi: barua ya maombi ya mwenye kadi, kadi halisi, kitambulisho na TIN yake, taarifa ya mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani aliyeziona namba zote mbili, na uthibitisho wa injini ilikotoka. Barua inaandikwa kwa nusu saa. Kwa mkaguzi, peleka gari likiwa limeshaoshwa sehemu zenye namba. Akishindwa kusoma atakurudisha, na ana haki ya kufanya hivyo.

Mlima uko kwenye uthibitisho wa injini. Serikali inataka kujua kwamba injini hiyo haikuchomolewa kwenye gari la mtu lililoibwa, na kwamba kama imetoka nje ya nchi ilipita forodhani. Kinachojibu hayo ni risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) ya duka iliyoandikwa namba ya injini, au nyaraka za forodha za aliyeiingiza. Karatasi ya kuandikwa kwa kalamu yenye maneno "injini moja, imelipwa" haijibu kitu. Muuzaji wangu alikuwa na karatasi ya namna hiyo, na namba haikuwamo. Ilibidi kumtafuta kwa kupitia ndugu yake, kisha kumtafuta fundi aliyefunga injini atuelekeze dukani, kisha kumsihi mwenye duka afukue kumbukumbu zake. Mwishowe ilipatikana nakala ya nyaraka zilizoleta injini ikiwa na namba ndani yake, tukaambatanisha na kiapo cha muuzaji mbele ya wakili kikieleza lini aliifunga na kwa nini. Muda wote huo gari limeegeshwa na mbao za watu zinangoja.

Sasa, wewe unayebadilisha injini leo na huna mpango wa kuuza: dai risiti ya EFD siku hiyohiyo, hakikisha namba ya injini imeandikwa juu yake, na upeleke taarifa TRA mwezi huohuo. Wino wa risiti hizo hufifia, kwa hiyo toa nakala na uihifadhi pamoja na kadi. Usiposhughulika sasa, mzigo huo utambebesha mwingine, na bei ya gari lako itashuka kwa sababu yake.

Gari la mradi na gari la mnada

Pikapu nyingi nzuri za dizeli zilifanya kazi kwenye miradi ya wafadhili, mashirika na balozi. Zimetunzwa kwa ratiba, oili imebadilishwa kwa wakati, na zinavutia kuliko za mtaani. Nyingi kati ya hizo ziliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Msamaha ni wa mwenye gari na kazi yake. Hauhami na gari. Gari likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, ushuru na kodi vinadaiwa, na umiliki hauhami mpaka vilipwe.

Ukiona gari lilikuwa na namba za DFP (za miradi ya wafadhili) au za kibalozi, omba uthibitisho wa maandishi kwamba kodi imeshalipwa, au mkataba useme wazi nani analipa. Kwenye mnada, masharti yasome kabla ya kunyanyua mkono. Sentensi fupi inayosema kodi ni juu ya mnunuzi inaweza kuligeuza gari la bei poa kuwa ghali kuliko la mtaani. Nenda TRA na namba ya chasisi uulize kiasi kwanza.

Madeni yanayofuata gari

Faini za barabarani angalia kwenye mfumo wa TMS wa polisi kwa kuingiza namba ya gari. Kila kosa lina faini yake, na pikapu iliyokuwa ikipiga njia ya Dar hadi Iringa inaweza kuwa imekusanya kadhaa.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa Julai 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Hata hivyo, muulize muuzaji akutolee taarifa ya madeni ya gari TRA. Bima ihakiki kwa TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya bima. Stika kwenye kioo peke yake haitoshi.

La mwisho ni mkopo. Kama kadi inataja benki au taasisi ya mikopo, hakuna kuhamisha bila barua yao ya kuliachia gari. Muuzaji akikuambia amemaliza kulipa, mjibu kwa upole kwamba unaiomba hiyo barua.

Mkataba, malipo na ombi lenyewe

Mkataba wa mauziano ufanyike kwa wakili, uwe na picha za wote wawili, namba za NIDA na TIN, namba ya chasisi na ya injini kama ulivyozisoma kwenye gari, na bei halisi. Ongeza kifungu kwamba sehemu ya bei inabaki mpaka umiliki uhamie. Muuzaji mkweli atakubali, kwa sababu naye anataka jina lake litoke: gari likisababisha ajali kesho, wa kwanza kutafutwa ni aliye kwenye kadi.

Ikiwa jina la kwenye kadi ni la mtu wa tatu aliyeuza zamani, unahitaji mikataba yote inayounganisha kutoka kwake hadi kwako, na ni bora yeye mwenyewe apatikane. Ikiwa amefariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Mtoto mkubwa au mjane bila barua hiyo hana uwezo wa kuuza. Kampuni ikiwa ndiyo inayouza, dai risiti ya EFD na barua ya maamuzi ya wakurugenzi.

Malipo ya TRA ni haya: ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, ada ya kuhamisha 50,000, na kadi mpya 10,000. Pikapu ya milioni 35 inakuja 350,000 jumlisha 60,000, yaani 410,000. Yote hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo, benki au kwa simu. Hakuna mtu wa mlangoni anayepaswa kupewa fedha taslimu, na kishoka (dalali asiye rasmi) anayedai anaweza kupitisha gari lisilolingana na kadi anakuuzia kesi ya baadaye. Usishushe bei kwenye mkataba ili kupunguza ile asilimia 1. Ukija kumdai muuzaji mahakamani, bei iliyoandikwa ndiyo itakayohesabika.

Pakia nyaraka za ombi kwenye mfumo zikiwa zinasomeka. Picha ya kadi iliyopigwa kwenye kivuli, kona moja imekatika, inatosha kurudisha ombi zima.

Kadi ikishatoka

Isome mstari kwa mstari kabla hujaiweka ndani, hasa herufi za chasisi na injini, maana kosa la herufi moja ni rahisi kulirekebisha sasa kuliko ukija kuuza. Kisha nenda kwa kampuni ya bima: bima aliyokata muuzaji ilikuwa kwa jina lake, na usipoandikisha mabadiliko, dai lako likija litakuwa na utata. Kama utabeba mizigo ya watu kwa malipo, badilisha matumizi kutoka binafsi kwenda biashara, upate vibao vyeupe, ndipo uombe leseni ya usafirishaji LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) kupitia mfumo wao wa RRIMS. Kadi halisi ibaki nyumbani. Garini weka nakala, pamoja na nakala ya taarifa ya mabadiliko ya injini, ili dereva wako awe na cha kuonyesha trafiki akiinua boneti.